Wasomaji Wauliza: Santuri Zinazokwaruza na Kanda Zinazoliwa

Mwezi huu safu yote tumeiachia santuri na kaseti. Barua zilizofika ni nyingi na zinashabihiana: mtu amerithi sanduku la sahani au katoni la kanda, akapata mashine ya kuchezea, na siku hiyo hiyo anataka kusikia. Kabla ya majibu tuna ombi moja. Sahani au kanda ambayo huwezi kuipata tena isiwe ya kwanza kuingia kwenye mashine usiyoijua. Mashine mbovu huharibu kwa dakika tatu kile ambacho miaka arobaini haikukiharibu. Jaribu kwanza na ile ambayo hata ikiharibika hutaumia moyo.

SWALI: Marehemu babu aliacha sahani ndogo kama mia moja, nyingi za benga na za Kikongo zilizochapwa Nairobi. Nimenunua mashine ya mkoba yenye spika zake ndani. Inacheza, ila inakwaruza na sindano huruka. Rafiki ameniambia niweke sarafu juu ya kichwa cha sindano. Nifanye hivyo? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana, usiweke sarafu. Mashine nyingi za mkoba hutumia kichwa cha sindano cha kauri, na tayari kinaikandamiza sahani kwa gramu 5 hivi. Linganisha na vichwa vya sumaku: Audio-Technica AT-VM95E hufanya kazi kwa gramu 2.0, Ortofon 2M Red kwa gramu 1.8, na hata AT3600L, ambacho ni miongoni mwa vya bei ya chini kabisa, hakivuki gramu 3.5. Ukiongeza sarafu, sindano itaacha kuruka kwa sababu inajilimia njia yake. Sauti nyembamba ndizo zinazofutika kwanza, kwa kuwa zimechorwa kwa vijipinda vidogo kuliko vyote, na zikishafutika hazirudi.

Tafuta kwanza kosa liko wapi. Safisha sahani, icheze, kumbuka iliporuka, kisha icheze tena. Ikiruka pale pale, kuna uchafu au mkwaruzo kwenye mfereji. Iangalie chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni. Kama ni uchafu ulioganda, ulainishe kwa pamba yenye maji kabla ya kuusugua. Ikiruka mahali tofauti kila mara, basi ni mashine: ama haikukaa sawa mezani, ama spika zilizomo ndani ya mkoba zinaitikisa sindano. Zima spika za ndani, unganisha ya nje kwa waya, na uiweke kwenye meza nyingine. Wengi humaliza tatizo hapo hapo bila kununua chochote.

Hata hivyo, kwa sahani mia moja za namna hiyo tungekusihi utafute mashine yenye mkono unaorekebishika, yaani wenye uzito wa kuzungusha kule nyuma. Ya mtumba iliyo nzima inatosha. Ukiipata, toa kifuniko cha sindano, weka kisawazisha-mvuto (anti-skate, kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati) kwenye sifuri, zungusha uzito wa nyuma hadi mkono uelee wenyewe sambamba na sahani, bila kushuka wala kupanda. Shikilia uzito usisogee, geuza gurudumu la namba peke yake lisome 0, halafu zungusha vyote pamoja hadi namba ya gramu inayotakiwa na kichwa chako. Kisawazisha-mvuto nacho kiwekwe namba iyo hiyo. Usiziamini sana namba zilizochorwa kwenye mashine kuukuu. Mizani midogo ya kupimia dhahabu, inayosoma hadi gramu 0.01, itakuambia ukweli. Kupungua sana ni kubaya kama kuzidi: sindano nyepesi mno hudundadunda ndani ya mfereji na kuugonga kuta.

Sindano ya almasi nayo huisha. Audio-Technica hutaja saa 300 kwa sindano ya duaradufu na 500 kwa ya mviringo. Ortofon husema hadi saa 1000 ikitunzwa vizuri. Mashine ya mtumba ikija na sindano ambayo historia yake haijulikani, nunua nyingine kabla ya kugusa sahani za babu.

Mambo mawili kuhusu sahani zenyewe. Zile zenye tundu kubwa la milimita 38 zinahitaji kijazio cha katikati kinachokaza. Kikilegea, sahani hukaa upande na sauti huyumba kama mwimbaji amelewa. Pili, nyingi za wakati huo ni za mono. Kwenye mono wimbo umechorwa kwa mwendo wa kulia na kushoto tu, ilhali vumbi na michubuko huitikisa sindano pia juu na chini. Ukiunganisha njia mbili za sauti kuwa moja, kwa kitufe cha mono kwenye amplifaya au kwa kompyuta, mtikisiko wa juu na chini unajifuta na mkwaruzo unapungua waziwazi. Na usishangae sauti ikichafuka zaidi karibu na lebo. Huko ndani mzunguko ni mfupi, kwa hiyo wimbo umebanwa kwenye urefu mdogo wa mfereji, na sindano iliyochoka hushindwa kuufuata. Inasikitisha zaidi kwenye nyimbo zilizogawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, maana mwisho wa upande wa pili ndipo magitaa yanapokuwa yamepamba moto.

SWALI: Mjomba amenitumia kutoka Marekani mashine ya miaka ya 1970, ya kuzungushwa kwa mkanda wa mpira. Nilinunua transfoma ya kushusha volti. Inazunguka, lakini waimbaji wote wana sauti nzito na wimbo unajikokota. Fundi amebadilisha mkanda mara mbili. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Mkanda hauna kosa. Transfoma hushusha volti, haibadilishi mapigo ya umeme. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, huku kwetu Tanzania na Kenya mara 50. Mota za aina iliyo kwenye mashine nyingi za wakati ule hufuata mapigo hayo, kwa hiyo yako inazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake. Sahani ya mizunguko 33⅓ kwa dakika inakwenda 27.8, na ya 45 inakwenda 37.5. Ndiyo maana mwanamke anaimba kama mwanamume.

Hakikisha hivi. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sinia, weka mwendo wa 33, na uhesabu mizunguko kwa dakika tatu kamili. Mashine iliyo sawa hutoa 100. Ukipata 83, hakuna haja ya kubishana tena na fundi wa mikanda.

Dawa ni puli, ile shingo ndogo ya mota inayobeba mkanda. Ya mapigo 50 lazima iwe nene zaidi. Baadhi ya watengenezaji walitoa puli za aina zote mbili, kwa hiyo anza kwa kuitafuta kwa jina na namba ya mashine. Ukikosa, fundi wa mashine ya kukereza vyuma anaweza kukuchongea ya shaba, lakini mpe hesabu sahihi. Usizidishe kipenyo cha puli peke yake kwa 1.2, unene wa mkanda nao umo. Chukua kipenyo cha puli, jumlisha unene wa mkanda, zidisha kwa 1.2, kisha toa unene wa mkanda. Puli ya milimita 10 yenye mkanda wa milimita 0.6 inakuwa milimita 12.12. Kosa la asilimia moja, yaani kama milimita 0.12 hapo, mwenye sikio zuri atalisikia. Puli yenye ngazi mbili ipimwe ngazi zote mbili.

Anayenunua leo atafute mashine yenye mota ya umeme wa moja kwa moja inayoendeshwa na saketi, kama Technics SL-1200. Hizo hazijali mapigo. Kinachobaki ni volti tu. Za Japani zinataka volti 100, si 110 wala 120, lakini zina nafuu moja: Japani yenyewe hutumia mapigo 50 upande wa Tokyo na 60 upande wa Osaka, kwa hiyo nyingi zilitengenezwa zikiwa na namna ya kuchagua. Uliza kabla hujalipa.

Ukitumia karatasi yenye mistari ya kupimia mwendo, hakikisha ni ya kwetu: duara la mwendo wa 33⅓ liwe na mistari 180. La Marekani lina 216 na litakudanganya. Taa nyingi za LED hazimetimeti pamoja na umeme, kwa hiyo mistari haitasimama hata kama mwendo ni sahihi. Tumia balbu ya neoni.

SWALI: Nimeunganisha mashine kwenye sabufa. Sauti ni ndogo sana, haina besi, na kuna muungurumo. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Unakosa priamplifaya ya fono. Kichwa cha sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, ilhali tundu la AUX linatarajia mamia. Zaidi ya hapo, sahani huchorwa besi ikiwa imepunguzwa, ili mifereji isiwe mipana mno, na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa ili kuzishinda kelele za plastiki. Priamplifaya hurudisha kila kitu mahali pake kwa kanuni ya RIAA, chama cha watengenezaji santuri wa Marekani, iliyokubaliwa mwaka 1954. Angalia kwanza nyuma ya mashine: zikiwepo alama PHONO na LINE, sogeza kwenye LINE na uchomeke AUX moja kwa moja. Usipitishe LINE ndani ya tundu la PHONO, sauti itapasuka. Muungurumo mara nyingi ni waya mwembamba wa ardhi uliosahauliwa. Ufunge kwenye skrubu ya priamplifaya, au kwenye chuma cha amplifaya.

SWALI: Sahani za nyumbani kwetu zimeota ukungu mweupe. Zimo za plastiki na zimo nzito za zamani za taarabu, ambazo moja ilivunjika kama kigae nilipoishika. Nizioshe kwa spiriti? – Msomaji, Lamu

JIBU: Zitenge mafungu mawili kabla hujagusa kimiminika chochote, maana dawa ya fungu moja ni sumu ya lingine.

Zile nzito zinazovunjika ni za mizunguko 78, na zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu wa mdudu, uliochanganywa na unga wa mawe. Ndizo za enzi za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV. Spiriti ya aina yoyote huyeyusha sheleki. Ukiipaka, uso wa sahani utageuka ulimbo na sauti itakuwa imekwisha. Hata maji yasikae juu yake, kwa sababu ule unga huyanywa na kuvimba. Toa ukungu mkavu nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua na mdomo, kwa brashi laini ukifuata mzunguko wa mifereji. Kisha tumia kitambaa laini kilicholoweshwa na kukamuliwa, chenye maji yaliyosafishwa na tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Pitisha kingine chenye maji matupu, na ukaushe papo hapo. Lebo isiguswe na maji.

Za plastiki zinavumilia zaidi. Changanya mililita 800 za maji yaliyosafishwa, mililita 200 za alkoholi ya isopropili, na matone matatu ya sabuni hiyo. Maji ya bomba huacha chokaa mferejini. Maji ya betri yanafaa kama chupa inasema ni maji safi ya kujazia. Soma vizuri, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Spiriti ya kuwashia jiko, ile ya rangi ya zambarau, isitumike: rangi na viungo vyake hubaki kwenye sahani. Laza sahani juu ya taulo, mimina kidogo, acha dakika mbili, sugua kwa brashi ya nywele laini ukizunguka, usikate mifereji. Suuza kwa maji yaliyosafishwa na usimamishe kivulini. Jua la pwani linatosha kupinda plastiki, na sahani iliyopinda hunyooshwa kwa nadra sana bila kuharibika.

Mifuko ya ndani yenye ukungu itupwe. Hakuna faida kuosha sahani na kuirudisha kwenye mbegu ile ile. Majalada ya nje, ambayo yana picha na majina ya wanamuziki, yafute makavu na uyahifadhi kando.

Ya kuhifadhi: zisimame wima, zisiegemee wala zisilazwe kwa rundo. Kabati lisigusane na ukuta wa nje unaonyonya mvua. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndio unaopendekezwa. Lamu hilo ni gumu bila mashine ya kukausha hewa, basi angalau hewa ipite, na kila mwezi zitazamwe. Usizifungie kwenye mfuko wa nailoni, utakuwa umeufungia unyevu ndani.

Zile za 78 zisichezwe kwa sindano ya kawaida. Mfereji wake ni mpana: unataka sindano ya milimita 0.076, wakati ya LP, yaani sahani kubwa ya plastiki, ni 0.018 hivi. Sindano ndogo huzama chini na kuokota uchafu badala ya wimbo. AT-VM95SP imetengenezwa kwa kazi hii na huwekwa gramu 5. Na ile gramafoni ya kupiga hendeli, yenye sindano za chuma na kichwa kizito, isikaribie sahani ya plastiki hata mara moja. Kama mashine yako haina mwendo wa 78, rekodi kwenye kompyuta kwa mwendo wa 45, kisha ongeza kasi kwa asilimia 73.33.

SWALI: Redio kaseti yangu inakula kanda. Imeshakata mbili. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Acha kuitumia hadi umalize hatua hizi, na katikati ya majaribio tumia kanda isiyo na thamani.

Utepe husukumwa na vitu viwili: kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka, na gurudumu la mpira linaloubana utepe kwenye kijiti hicho. Baada ya hapo koili ya kulia lazima iuvute na kuukunja kwa mwendo unaolingana. Utepe huliwa koili ikichelewa, au gurudumu likinata. Basi fungua mlango wa kaseti, bonyeza PLAY bila kanda, utazame koili ya kulia. Ikisimama, au ukiizuia kwa ncha ya kidole ikasalimu amri mara moja, mkanda wa mpira umelegea au gurudumu dogo la kuikokota limekuwa utelezi. Ikizunguka kwa nguvu, safisha.

Kijiti cha chuma na kichwa cha kusomea visafishwe kwa kijiti cha pamba chenye isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukibadilisha pamba hadi itoke nyeupe. Ile rangi ya kahawia inayotoka ni unga wa utepe. Gurudumu la mpira lisafishwe kwa maji na sabuni kidogo, kwa kuwa alkoholi ya mara kwa mara huukausha mpira. Liking'aa na kuwa gumu kama kucha, badilisha.

Mkanda wa mpira wa zamani wakati mwingine hukutwa umegeuka lami. Ukwangue wote, puli zifutwe kwa isopropili, vinginevyo mpya utateleza. Kujua kipimo, zungusha uzi kwenye puli zote kama mkanda unavyopita, pima urefu, toa asilimia 5 hadi 10. Mkanda uliokaza mno hutafuna bushi za mota na kuifanya sauti itetemeke. Ukishafunga, mwendo hurekebishwa kwa bisibisi nyembamba kwenye tundu lililo nyuma ya mota. Lenga utepe uende sentimita 4.76 kwa sekunde, au kwa njia rahisi, tumia kanda ya mlio wa 3000 Hz na programu ya simu inayosoma milio.

Kanda nazo zina lawama. C120, yaani kanda ya dakika 120, utepe wake una unene wa mikroni 9 hivi, nusu ya ule wa C60 ya dakika 60, na hujikunja kwa kisingizio kidogo. Na kanda yoyote iliyolegea ikazwe kwa kalamu ya Bic kabla ya kuingizwa.

SWALI: Kanda za kwaya zinasikika kama waimbaji wamefunikwa blanketi. – Msomaji, Bukoba

JIBU: Kama ni kanda zote, kichwa ni kichafu. Kama ni moja tu, tazama katikati ya mdomo wake: kuna kijisponji au kitambaa kidogo juu ya bati la shaba, kinachousukuma utepe uguse kichwa. Gundi huisha na kitambaa huanguka. Kitoe kingine kwenye kanda mbovu, ubandike kwa tone dogo la gundi, uache usiku kucha.

Kama kitambaa kipo na kichwa ni safi, kanda ilirekodiwa kwenye mashine ambayo kichwa chake kiliinama tofauti na chako. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu mbili. Ile yenye springi ndiyo ya kuinamisha. Tia alama ya rangi mahali ilipo sasa, weka sauti kwenye mono, uizungushe kidogo kidogo, robo mzunguko au pungufu, hadi herufi S na matoazi yasikike makali kabisa. Ukimaliza kanda hiyo, rudisha kwenye alama.

SWALI: Nina kanda zaidi ya thelathini, barua za sauti ambazo wazee wetu wa Unguja walikuwa wakitutumia huku. Wengi wameshatangulia mbele ya haki. Hakuna nakala. Moja imekatika. Nataka watoto wazisikie kwenye simu. – Mama, Muscat

JIBU: Mama, shikamoo. Barua yako tumeisoma kwa uzito wake, na tunaomba jambo la kwanza lifanyike leo: vunja vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kanda. Bila vijimeno, mashine haiwezi kurekodi juu yake hata mtoto akibonyeza kimakosa.

Usitumie vile vidude vya bei ndogo vya kuhamishia kaseti kwa USB. Mwendo wake huyumba, na sauti ya mzee ikiyumba wakati wa kuhamishwa, itabaki hivyo milele. Tafuta deki nzima ya mezani yenye tundu la LINE OUT, isafishwe kama tulivyomweleza msomaji wa Mwanza. Kutoka hapo waya uende kwenye kifaa cha kuingizia sauti cha USB, na kutoka hapo kwenye kompyuta yenye Audacity, programu ya bure. Tundu la maikrofoni la kompyuta lisitumike. Mara nyingi ni la njia moja na hukuza sauti hadi inapasuka.

Weka 48 kHz na biti 24. Kila saa ya sauti itachukua gigabaiti moja hivi, kwa hiyo kanda thelathini za C60 zinaingia kwenye flashi ya GB 64 na nafasi inabaki. Cheza sehemu yenye kelele zaidi, mtu akicheka au kuita, urekebishe kiwango ili kilele kifike karibu -6 dB na kisivuke. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, pamoja na ukimya wake. Kanda ambazo hazijachezwa miaka mingi zipeleke mbele hadi mwisho na uzirudishe mara moja, ili utepe uliogandamana uachane taratibu. Ikisikika inapiga mluzi au ikisimama, usilazimishe. Toa, umpelekee mtaalamu.

Rekebisha mwinamo wa kichwa kwa kila kanda, maana kila moja ilirekodiwa kwenye redio ya nyumba tofauti. Kitufe cha Dolby, cha kupunguza kelele za utepe, kizimwe: redio za kawaida za nyumbani hazikuwa nayo, na ukikiwasha utaondoa ukali wa maneno.

Faili la kwanza lihifadhiwe kama lilivyo, WAV au FLAC, lisiguswe. Usafishaji wa kelele ufanywe kwenye nakala. Tunalisisitiza hili kwa sababu programu za kuondoa kelele hufuta pia pumzi, adhana ya mbali, na kuku wa uani, na hizo ndizo sauti ambazo wajukuu watataka kuzisikia. Nakala za simu zitokane na faili hilo la kwanza, kwa MP3. Faili lipewe jina la msemaji, mwaka kama unajulikana, na upande. Weka kwenye diski mbili tofauti, na ya tatu ikae nyumba nyingine.

Iliyokatika: kama ganda lina skrubu tano, lifungue likiwa limelala mezani, utazame kila kitu kilivyokaa. Ganda lililogandishwa litabidi lipasuliwe taratibu kwa kisu pembezoni, na utepe uhamishiwe kwenye ganda la skrubu. Vaa glavu za pamba. Pandanisha ncha mbili, zikate pamoja kwa wembe kwa mshazari wa nyuzi 45, uzikutanishe bila kuachana wala kupandana, ubandike utepe maalumu wa kuungia wenye upana wa milimita 3.81. Ubandikwe upande unaotazama koili, si ule unaogusa kichwa. Selotepu ya dukani isitumike: gundi yake hutoka na joto na kuunganisha mizunguko ya jirani. Ukikosa subira na kazi hii, mpe fundi, lakini ukae naye.

SWALI: Ni kweli sauti ya santuri ni bora kuliko ya simu? – Msomaji, Kampala

JIBU: Kwa vipimo, si kweli. CD ina tofauti ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa. LP nzuri hupata 60 hadi 70 hivi. Lakini nyimbo nyingi za kwetu zilizomo mtandaoni zilinakiliwa kutoka sahani chakavu, kwa sindano isiyofaa, nyingine kwa mwendo usio sahihi. Mwenye sahani safi ya wimbo huo na mashine iliyopimwa ana nakala bora kuliko ya simu, na mara nyingine ndiye mwenye nakala pekee. Pia kuna majina ya wapigaji na namba za toleo kwenye lebo, ambayo mtandaoni hayapo. Piga picha lebo zote mbili kila unaponakili sahani.

SWALI: Nataka kurekodi kanda mpya za bendi yetu. Ninunue aina gani? – Msomaji, Arusha

JIBU: C60 ya aina ya kwanza, yaani ya oksidi ya chuma. Inachezeka kwenye mashine yoyote. Aina ya pili, ya kromu, ina mashimo ya ziada mgongoni na inataka mashine inayoitambua. Ikichezwa kwenye redio ya kawaida itasikika kali kupita kiasi. C90 itumike tu kama nyimbo hazitoshi. Rekodi bila Dolby, kwa sababu mashine mpya zinazouzwa sasa hazina. Acha sekunde kumi tupu mwanzoni, maana utepe wa kuongozea haushiki sauti. Sikiliza kanda ya kwanza yote, pande mbili, kwenye redio ndogo ya betri na si kwenye deki iliyoirekodi, kabla hujatoa nakala za kuuza.